Argus As 014: injini ya bei rahisi kwa safari moja

Iliyoendesha kombora la V-1, ambalo Wajerumani walianza kulirusha kuelekea London Juni 1944, injini hii haina kompresa ya kubana hewa wala turbini, yaani gurudumu linalozungushwa na gesi moto. Ni bomba la bati la chuma, mita tatu na nusu hivi, na mbele yake kuna gridi ya vali za vibamba vyembamba vya chuma cha springi. Hewa huingia, petroli hupuliziwa, mchanganyiko hulipuka, vali hujifunga, gesi moto hutokea nyuma: karibu mara 45 kwa sekunde. Plagi ni ya kuwashia tu.

Ubovu uko kwenye vibamba. Kila mlipuko huvigonga na kuvichoma, hivyo saa moja ni umri mrefu kwao. Safari yenyewe ni nusu saa hivi, basi vinatosha! Msukumo nao ni haba kombora likiwa limesimama. Ndiyo maana lilirushwa kwa manati ya mvuke. Kelele? Waliolengwa walilisikia likija.

Porsche walichora mbadala, turbojeti (injini ya jeti yenye kompresa na turbini) ya 109-005, ili kombora lifike mbali zaidi. Haikujengwa. Kwa chombo kinachoruka mara moja tu, ningebaki na bomba la Argus.