Rangi ya kutia kwenye chokoleti ya keki: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Chokoleti nyeupe iliyoyeyuka vizuri hutiririka kama uji mwepesi. Idondoshee rangi ile ile uliyotia kwenye aisingi ya siagi, ukoroge mara tano au sita, nayo inageuka madonge makavu kama ugali uliokosa maji. Chokoleti haikuwa mbovu. Imeingiwa na maji.

Kompaundi, yaani chokoleti ya keki inayouzwa kwa vibao na vidonge kwenye maduka ya vifaa vya keki katikati ya Nairobi, ni sukari na maziwa ya unga yaliyosambaa ndani ya mafuta ya mboga. Tone la maji likiingia, chembe za sukari huloa, zikanatana na kuyasukuma mafuta pembeni. Kwa hiyo ukifika kaunta, kabla ya kuuliza kama kuna waridi au zambarau, uliza rangi imetengenezwa kwa mafuta au kwa maji. Muuzaji asipojua, geuza chupa usome viambato. Ukikuta maji, sharubati ya sukari, E422 ambayo ni gliserini, au E1520 ambayo ni propilini glaikoli, hiyo ni rangi ya aisingi. Ukikuta mafuta ya alizeti, mafuta mengine ya mboga au siagi ya kakao, hapo endelea kuuliza bei. Picha ya keki kwenye boksi haithibitishi chochote. Tafuta pia kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, cha bidhaa zilizoingizwa nchini.

Nafasi ya kwanza: rangi ya matone yenye mafuta

Kwa mwokaji anayepokea oda za kila wiki, anzia hapa. Colour Mill ya Australia, Chefmaster na Wilton wote wana rangi za aina hii, lakini usisome jina la kampuni tu ukalipa. Colour Mill ina Oil Blend na pia Aqua Blend, na hiyo ya pili imetengenezwa kwa maji. Chefmaster nayo ina Liqua-Gel ya aisingi na Candy Color ya chokoleti. Chupa zinafanana, na ukizichanganya utapoteza bakuli zima.

Matumizi yake ni rahisi. Tikisa chupa kwa sekunde 30, kwa sababu rangi hutuama chini. Yeyusha gramu 250 za kompaundi nyeupe, utie matone 3 kwa rangi hafifu, ukoroge dakika nzima huku ukikwangua kingo za bakuli, kisha usubiri dakika 10 kabla ya kuongeza. Rangi ya mafuta huendelea kukolea ikitulia, na wengi huharibu kazi kwa kuongeza mapema. Ukitaka ikolee zaidi bila kumaliza chupa, tumia blenda ya mkono, kichwa chake kikiwa kimezama kabisa ili usiingize mapovu. Asubuhi za baridi za Julai, weka chupa iliyofungwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, halafu uifute hadi ikauke kabisa kabla ya kuisogeza karibu na bakuli.

Kipimo kina mwisho. Ukikaribia kijiko kizima cha chai kwa gramu 250, mafuta yanazidi: chokoleti inabaki laini, na wageni wanaondoka na midomo ya buluu.

Kumbuka pia kwamba kompaundi nyingi nyeupe zina umanjano. Ukitia buluu kidogo unapata kijani cha bahari. Tanguliza chembe ya zambarau kwa ncha ya kijiti cha meno ili kuufifisha umanjano huo, ndipo utie buluu.

Nafasi ya pili: kompaundi iliyokwisha kutiwa rangi

Mfuko wa Wilton Candy Melts una gramu 340, na ukiupigia hesabu kwa gramu utaona unalipa zaidi kuliko kununua nyeupe na kuitia rangi mwenyewe. Ila kwa nyekundu iliyoiva, ufanye uwe chaguo la kwanza. Nyekundu kutoka nyeupe hudai rangi nyingi mno, na mara nyingi huishia kuwa waridi lenye uchungu. Nyeusi itengeneze kutoka kompaundi ya kahawia iliyokolea, na utatumia matone machache tu.

Ikiwa nzito kwa kuchovyea, ongeza mafuta ya mboga yaliyogandishwa au mafuta ya nazi yasiyo na harufu, nusu kijiko cha chai kwa wakati. Usiongeze maziwa, hata matone mawili.

Nafasi ya tatu: rangi ya unga

Kwa nguvu yake, hii ndiyo rahisi kwa bei, lakini ndiyo yenye mitego mingi. Kuna unga unaoyeyuka kwenye maji tu. Huo ukiingia kwenye chokoleti hubaki vidoadoa. Unaofaa ni ule wenye neno Lake kando ya jina la rangi, yaani rangi iliyofungwa juu ya chembe za haidroksidi ya alumini ili isambae ndani ya mafuta, au ulioandikwa wazi kuwa ni wa mafuta. Ukiwa na shaka, nyunyiza chembe kwenye glasi ya maji bila kukoroga. Maji yakichukua rangi papo hapo na kubaki angavu, usiutie kwenye chokoleti.

Usiumwage mkavu ndani ya bakuli. Chukua sehemu ya nane ya kijiko cha chai, uikande na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya uvuguvugu mpaka madonge yaishe, upitishe kwenye kichujio, ndipo utie kidogo kidogo.

Unga unaong'aa wa dhahabu na fedha unataka umakini wa pekee. Lebo ikisema haina sumu, haijasema inaliwa. Kama hakuna orodha ya viambato, usinunue. Unga uliopimwa na kufungwa upya kwenye pakiti zisizo na maandishi uache pale pale, hata ukiuzwa nusu bei. Na mteja akiulizia E171, nyeupe inayotumika kung'arisha rangi, Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chakula mwaka 2022, kwa hiyo soma lebo kabla ya kumjibu.

Zilizobaki

Siagi ya kakao yenye rangi ni nzuri mno, lakini kwa chokoleti halisi na kwa kupaka ndani ya kalibu. Kompaundi nyingi hutumia mafuta ya mbegu za michikichi, na hayo hayapatani na siagi ya kakao: ukiichanganya kwa wingi, ganda hulegea na baada ya siku chache hutoka utando mweupe wa mafuta. Usiinunue kwa ajili ya kompaundi.

Flo-Coat, kiongezeo cha kuchanganya na rangi ya jeli, huiwezesha jeli hiyo kuingia kwenye chokoleti. Inamfaa mwenye rafu nzima ya jeli ambaye hataki kuanza upya.

Vichupa vidogo vya rangi ya maji vya supamaketi ni vya mahamri ya rangi na aisingi ya sukari.

Kabla ya kulaumu rangi

Maikrowevu iwe nusu nguvu, sekunde 30 kwa zamu, ukikoroga kila mara. Kompaundi inataka kama nyuzi 40 hadi 45 tu. Stima ikikatika utarudi kwenye sufuria ya maji, na kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, bado moto wa kuunguza chokoleti nyeupe. Zima gesi kwanza, weka bakuli pana kuliko mdomo wa sufuria ili mvuke usiingie, na usiache tako la bakuli liguse maji.

Na ikishikana tayari, usiitupe. Ongeza krimu ya moto kijiko kimoja kimoja ukikoroga kwa nguvu mpaka ilainike. Haitaganda tena ikawa ganda, lakini ni ganashi safi ya kujaza katikati ya keki. Kwa ile ya kuchuruzisha pembeni ya keki, yeyusha kompaundi nyingine, kwenye bakuli lingine lililokauka.