Uzoefu wangu na kozi ya MIT ya mifumo tawanyifu, nikisomea Mtwara

Nilimaliza digrii ya kompyuta nikijua kwamba seva tano zinaweza kutunza data ileile. Ungeniuliza zinaelewanaje mojawapo ikizimika, ningekujibu kwa maneno ya kukariri. Aliyenitoa hapo ni Profesa Robert Morris, kwenye kozi ya mifumo tawanyifu (kompyuta nyingi zinazofanya kazi kama moja) ya MIT, chuo cha Marekani, iliyokuwa ikiitwa 6.824 na sasa ni 6.5840. Mihadhara yake ya 2020 iko YouTube bure, na maabara, yaani mazoezi ya kuandika programu, ziko wazi kwa yeyote.

Niliipakua yote kwa vifurushi vya usiku, kwa ubora wa chini. Uamuzi huo ulinifaa sana. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika Somanga, kisha tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari nazo zikakatika. Mimi niliendelea na masomo. Maabara zina mtandao wao wa kuigiza, unaochelewesha na kupoteza ujumbe kwa makusudi, kwa hiyo laptopu moja inatosha kuwa seva zote tano.

Maabara ya kwanza, MapReduce, mbinu ya kugawa kazi kubwa ya data kwa kompyuta nyingi, ni ya kupasha misuli. Moyo wa kozi ni Raft, mbinu ya kuzifanya seva zikubaliane, iliyochapishwa 2014 na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Stanford, waliotaka kitu kinachoeleweka kuliko Paxos, mbinu ya zamani ya kazi hiyohiyo. Na kwa Kiswahili inaeleweka kweli! Seva zinamchagua kiongozi kwa kura, kila uongozi una muhula wenye namba, na hakuna linalopita bila akidi, yaani tatu kati ya tano. Kiongozi akikaa kimya, kila seva inasubiri muda wa kubahatisha kabla ya kugombea, ili zisisimame zote kwa pamoja na kugawana kura. Waandishi walitumia milisekunde 150 hadi 300. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, msimu wa korosho ameshajua nusu ya haya.

Kuijua na kuiandika ni vitu viwili tofauti. Programu yangu ilikuwa inafaulu majaribio mara arobaini mfululizo, ya arobaini na moja inaanguka: data iliyokwisha kuthibitishwa imepotea. Wiki tatu nilikuwa nachapisha kila ujumbe kwenye skrini na kuusoma mstari kwa mstari. Seva namba 2 ilikuwa kiongozi muhula wa 7, ikatengwa na mtandao, ikarudi, ikachaguliwa tena muhula wa 9. Nikaona kila kitu sawa.

Jumapili moja mjomba wangu, aliyekuwa katibu wa chama cha msingi huko Tandahimba, alikuja mjini, akaniuliza kinachoninyima usingizi. Nikamweleza kwa lugha ya mkutano. Akafikiri kidogo, akasema, "Sasa mjomba, huyo aliyerudi, majibu ya barua alizotuma muhula ule wa kwanza yakifika leo, unayahesabu?"

Nilikuwa nayahesabu. Jibu la muhula wa 7 lilikuwa linachelewa njiani, linafika muhula wa 9, na mimi nalipokea kama idhini mpya. Dawa ilikuwa mstari mmoja: kulinganisha muhula wa ombi na muhula wa sasa kabla ya kugusa jibu. Nikaendesha majaribio mara mia tano usiku kucha, hakuna lililoanguka.

Tahadhari yangu ni moja. Kama nyuzi (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja ndani ya programu) na kufuli (za kuzizuia zisigongane kwenye data) za mfumo endeshi bado zinakuchanganya, anza na xv6, mfumo mdogo wa kufundishia wa haohao MIT, nao ni bure. Mimi niliruka, na mwezi wa kwanza wote nilipambana na kufuli badala ya Raft. Pia anayesoma kwa nje hana msimamizi wa kumuuliza, kwa hiyo tafuta hata mtu mmoja wa kumsimulia.

Sasa niko maabara ya mwisho, ya kugawa data kwa makundi ya seva. Mihadhara yote ninayo kwenye diski. Ukiwa Mtwara au Lindi na hutaki kumaliza kifurushi, njoo na flashi yako nikunakilie.