Kuoka Matufaha ya Mdalasini kwa Kikaangio cha Hewa: Uzoefu Wangu wa Miezi Mitatu

Nilinunua kikaangio cha hewa, ambacho sokoni huitwa eafraya, cha lita 3.5 na wati 1,500, hapa Mbeya mjini, baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba kinafanya kila kazi ya ovena. Haja yangu ilikuwa moja: kitindamlo cha matufaha yaliyolainika kwa mdalasini, yaliyofunikwa na tabaka la unga, siagi na sukari linalolia likitafunwa. Kinakiweza, lakini si kwa namna niliyoelezwa.

Mara ya kwanza nilifuata kijitabu chake: nyuzijoto 200, dakika 20. Hazikupita dakika kumi, jikoni kote kukanuka sukari iliyoungua. Nilipovuta kikapu nilikuta juu kumekuwa kweusi, unga mwingine umepeperushwa na feni ukatapakaa pembeni, na matufaha yenyewe bado magumu kama viazi vibichi. Mama, aliyetulea kwa keki za kuoka kwenye sufuria kwa kupalia makaa juu ya mfuniko, alitazama kidogo akasema, "Mwanangu, hiki umekipalia juu tu, chini hujaweka moto." Ndivyo ilivyo hasa, kwani waya wa moto umo juu ya kikapu, na joto linalosukumwa na feni huchelewa kufika kwenye kitako cha bakuli.

Tangu hapo nayapika matufaha kwanza, peke yake. Nakata manne, vipande vidogo kama kete za bao, nayakamulia ndimu, naongeza kijiko cha sukari na kijiko cha chai cha mdalasini, kisha nafunika bakuli la bati kwa foili na kuibana kingoni, maana foili iliyolegea hurushwa na feni hadi kwenye waya. Nyuzijoto 180 kwa dakika 10 zinatosha. Ndipo naweka tabaka la juu: vijiko sita vya unga wa ngano, vitatu vya sukari, vitatu vya siagi baridi (asubuhi za Julai hapa kwetu hazihitaji friji) na konzi ya karanga zilizotwangwa nusunusu. Siri imo vidoleni: nasugua mpaka unga ushikane mabonge ya ukubwa wa maharage, kwa sababu mabonge hayapeperuki. Naondoa foili, nashusha hadi nyuzijoto 160, na baada ya dakika nane au kumi rangi imekolea.

Matufaha ya Makete na Njombe, madogo na yenye ukali kidogo, yananifaa kuliko yale yanayong'aa ya Afrika Kusini, ambayo kwangu huwa matamu kupita kiasi pamoja na sukari.

Umeme haunitishi, kwani dakika 20 haziwezi kuzidi nusu uniti. Ninachokilalamikia ni kikapu, ambacho utando wake ulianza kubanduka mwezi wa pili, baada ya sharubati ya matufaha kuchemka, kumwagika na kugandia, nami nikausugua kwa steelwaya. Sasa naloweka kwa maji ya moto na kufuta kwa kitambaa. Tena bakuli linaloingia humo hutosha watu wanne tu. Jumapili tukiwa wanane, mama huwasha mkaa.