Stetasi, broadkasti au chaneli: tumeipima WhatsApp kwa mtunzi anayeogopa kuonyesha kazi yake

Mtunzi wa kwetu mwenye daftari lililojaa mashairi ambayo hayajasomwa na mtu haanzi kwa mchapishaji. Anaanza na simu yake, kwenye programu ambayo tayari ina shangazi, mwalimu wake wa zamani, fundi cherehani na kikundi cha harusi ya mwaka juzi. WhatsApp haikutengenezwa kuwa jukwaa la fasihi, lakini ndiko kazi nyingi za Kiswahili zinakotoka kwa mara ya kwanza, hivyo inafaa kupimwa kwa kigezo hicho: inampunguzia mwoga hofu, au inamwongezea? Jibu linategemea njia utakayotumia, na njia zenyewe hazifanani.

Wengi hukimbilia stetasi. Mvuto wake unaeleweka: hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo mtu hujipa moyo kwamba hata ikiharibika, kesho haipo. Kuna pia mpangilio wa faragha unaokuruhusu kuwateua watakaoiona na kuwaacha wengine wote nje. Upange kabla ya kupandisha. Ukiubadilisha baadaye, ile iliyokwisha kupanda inabaki wazi kwa walewale wa mwanzo. Hapo ndipo wengi huumbuka: shairi la mapenzi limepanda, baba mkwe kakumbukwa, mtu anakimbilia faragha akidhani kaokoka. Dawa ni kuifuta, kupanga upya, kisha kuipandisha tena.

Tatizo kubwa la stetasi liko kwenye nafasi. Stetasi ya maandishi hubeba herufi 700. Chukua mshororo wa kawaida wa mizani 16:

Nimeandika kwa siri, mezani nikafungia

Huo ni herufi 38 pamoja na nafasi na mkato. Ubeti wa mishororo minne ni kama herufi 155, kwa hiyo beti nne zinaingia na jina lako juu. Kwa hesabu, sawa. Kwa macho, hapana. Kadiri unavyoongeza maneno ndivyo maandishi yanavyosinyaa, na stetasi hupita yenyewe baada ya sekunde chache, labda msomaji aibane kwa kidole. Nani ataibana kwa ajili ya beti nne za mtu ambaye hata hajui kwamba anatunga? Weka ubeti mmoja kwa stetasi moja, usizidishe tatu kwa siku.

Halafu kioo cha simu ni chembamba. Mshororo ule utakatika popote utakapokosa nafasi, pengine baada ya “mezani”, na kina cha kati kitapotea katikati ya mstari. Usiiachie simu ikukatie. Bonyeza mstari mpya baada ya kila kipande:

Nimeandika kwa siri,
mezani nikafungia

Ubeti unakuwa na mistari minane, lakini vina vya ukwapi (kipande cha kwanza) na vya utao (kipande cha pili) vinaonekana vyote. Wanaopenda nyota za kukoleza maandishi wazitumie kwa kichwa tu. Kibwagizo kilichokolezwa kila ubeti kinachosha macho.

Kinachowavunja moyo watunzi wapya zaidi ya kukosolewa ni ile orodha ya waliotazama. Watu 60 wametazama, hakuna aliyesema neno, na mtunzi anahitimisha kwamba kazi ni mbovu. Orodha ile haisemi hivyo. Inakuambia tu kwamba stetasi ilipita mbele ya macho yao, pengine ikiwa katikati ya picha za keki na tangazo la viwanja. Aliyezima tiki za bluu hata haonekani humo, na ukizima zako wewe, huoni orodha kabisa. Kwa mtunzi mwenye roho nyepesi, hilo la mwisho tunalipendekeza bila kusita, japo litagusa na gumzo zako nyingine.

Broadkasti ndiyo iliyotuvutia, ingawa haina mbwembwe. Ni orodha ya wapokeaji, hadi 256, ambao kila mmoja hupata ujumbe kama umemwandikia yeye peke yake. Hawaonani, na jibu linarudi kwako faraghani. Kwa mwoga hakuna mpangilio bora kuliko huo, maana akitokea wa kukukejeli, kejeli yake haina watazamaji. Sharti ni moja: mpokeaji awe ameisevu namba yako. Kama hajaisevu, ujumbe haumfikii na huambiwi sababu. Kabla ya kumlaumu mtu kwamba kakunyamazia, muulize kwanza kama anayo namba yako.

Usiijaze hiyo orodha. Anza na watu watano hadi saba, na uwachague kwa tabia ya kusoma kuliko ukaribu wa damu. Mmoja awe anasoma sana, mmoja awe hasomi kabisa ila anapenda umbea (huyu ndiye atakayekuambia ukweli kuhusu hadithi), na mmoja awe mtu wa lugha, anayejua tofauti ya “dhamani” na “thamani”. Mama mzazi asiwemo kwenye kundi la kwanza. Atasifu tu.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukiandika “mnaonaje?” utapata “hongera sana” na mikono inayopiga makofi, kisha kimya. Uliza kitu kimoja chenye jibu: “Ulichoka ukifika wapi?” au “Pale Zuhura alipokana, ulimwamini?” Swali la namna hiyo linampa msomaji ruhusa ya kutaja kasoro bila kuonekana mkorofi, na wewe unapata kitu cha kurekebisha.

Hadithi igawe vipande vya maneno 600 hadi 800. Ujumbe mrefu hukunjwa na msomaji hulazimika kugusa ili kuufungua, kwa hiyo mistari mitatu ya kwanza ndiyo inayobeba mzigo wote. Salamu na utangulizi vikae kwenye ujumbe tofauti. Kosa la tahajia unaweza kulihariri ndani ya dakika 15. Kufuta kwa wote kunawezekana kwa takriban siku mbili na nusu, lakini kunaacha alama kwamba kuna ujumbe umefutwa, na alama hiyo huzua maswali kuliko kosa lenyewe.

Chaneli, yaani ukurasa wa matangazo ambao watu huufuata, ilisambazwa nchi nyingi mwaka 2023, nayo inafaa kwa mwenye hofu ya aina nyingine: anayetaka kusomwa bila kujulikana. Wafuasi hawaioni namba yako. Gharama yake ni kwamba idadi yao inaonekana na kila mtu, na kutazamwa ukiwa na wafuasi 11 kunahitaji ngozi ngumu. WhatsApp yenyewe ilisema historia ya chaneli hukaa kwenye seva zake hadi siku 30, kwa hiyo hadithi ndefu ya mfululizo iwe na nakala mahali pengine, la sivyo anayejiunga baada ya mwezi kupita atakuta sehemu ya tisa bila ya kwanza. Na maoni ya kina usiyatarajie, utapata emoji.

Wachoraji watume kazi kama hati badala ya picha, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na mistari myembamba ya penseli huyeyuka. Waghani wazime feni kabla ya kurekodi. Ujumbe wa sauti unaweza kusitishwa katikati na kusikilizwa kabla ya kutumwa. Kusikilizwa kwa kasi mara mbili hakuzuiliki, na hapo mahadhi yamekwisha, waombe tu.

Kuhusu wizi, WhatsApp haikulindi. Ujumbe uliofowadiwa huandikwa kwamba umefowadiwa, lakini jina la aliyeuanzisha haliendi nao. Kikomo cha kufowadi kwa gumzo tano kwa mkupuo kinakwepeka kwa kunakili na kubandika. Jina lako liingie ndani ya maandishi, katikati, maana la mwisho hukatwa kwanza. Tunza rasimu zenye tarehe. Haki yako huanza kazi inapoandikwa, bali usajili kwenye taasisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, hukupa ushahidi mgogoro ukitokea.

Anayelenga tuzo asome masharti kabla ya kutuma chochote. Mashindano mengi hutaka muswada ambao haujachapishwa, na chaneli iliyo wazi kwa kila mtu inaweza kuhesabiwa kuwa uchapishaji. Broadkasti ya watu saba ni vigumu kuihesabu hivyo.