Uzoefu wangu na mashine ya mkono ya kusagia kahawa: tazama mhimili kabla ya kutazama bei

Mashine ya mkono ya kusagia kahawa ninayoitumia imekuwa jikoni mwangu hapa Nakuru kwa zaidi ya mwaka sasa, na kabla yake nilitumia kwa muda mrefu nyingine ya bei nafuu ambayo dada yangu aliniachia alipohamia Kisumu. Zote mbili zimesaga kahawa za kila namna, kuanzia AA ya dukani, yaani daraja la punje kubwa, iliyokaangwa kwa ustadi hadi ile ambayo shemeji yangu huniletea kutoka Kimilili ikiwa bado mbichi, nami nikaikaanga mwenyewe kwenye sufuria. Sitazitaja kwa majina ya kampuni, kwa sababu ninachotaka kueleza kinahusu namna zilivyoundwa, na muundo uleule huuzwa kwa majina mengi.

Anayekunywa kahawa ya unga wa papo kwa hapo hana haja na mashine yoyote, na sina ugomvi naye. Nyumba nyingi za huku ni za chai, yangu ikiwemo saa kumi jioni. Lakini anayenunua kahawa halisi iliyokwisha kusagwa hupoteza sehemu nzuri ya kile alicholipia. Punje ikishavunjwa, eneo lake linaloguswa na hewa huongezeka mara nyingi sana, gesi iliyonaswa ndani wakati wa kukaangwa hutoka haraka, na mafuta yenye harufu huanza kuharibiwa na oksijeni. Punje nzima katika mfuko uliofungwa vyema huvumilia kwa majuma kadhaa, ilhali unga wake huanza kufifia ndani ya siku chache, hata ukiufunga kwa uangalifu.

Wengi hujaribu kwanza kutumia mashine ya umeme yenye visu, ile ya kusagia viungo na njugu. Kasoro yake ni kwamba visu hukata ovyo: baadhi ya punje huwa vumbi huku nyingine zikibaki vipande. Maji ya moto hulikamua vumbi hilo kupita kiasi hadi uchungu ukatoka, na wakati huohuo hayafiki ndani ya vipande vikubwa, ambavyo huacha uchachu mkali usio na utamu. Ndiyo maana kikombe kimoja kinaweza kuwa kichungu na kichachu kwa pamoja, na hakuna namna ya kukirekebisha kwa kuongeza kahawa au kupunguza maji. Mashine za umeme zenye meno ya kusagia hazina tatizo hilo, ila zile nzuri ni ghali, nami sipendi kifungua kinywa changu kitegemee umeme ambao hukatika hasa asubuhi za mvua.

Sasa niingie kwenye mashine yenyewe. Ndani yake mna meno mawili: la ndani lina umbo la koni na huzunguka pamoja na mhimili uliounganishwa na mkono wa kuzungushia, na la nje ni pete isiyosogea. Punje huingia juu kwenye nafasi pana, ikavunjwa, ikashuka huku ikizidi kusagwa, kisha ikaanguka kwenye kikombe cha chini pale inapokuwa ndogo kiasi cha kupita. Nafasi iliyo kati ya meno hayo mawili ndiyo inayoamua ukubwa wa chembe, na ndiyo unayoibadilisha unapokaza au kulegeza gurudumu dogo la kurekebishia.

Mambo yote hutegemea kama nafasi hiyo hubaki sawa pande zote. Mashine ya kwanza ilikuwa na mhimili ulioshikiliwa sehemu moja tu, upande wa juu, ndani ya tundu la plastiki. Kwa hiyo jino la ndani liliyumba kama gurudumu la mkokoteni lililolegea, nafasi ikapanuka upande mmoja na kubana upande wa pili kila nilipozungusha. Cha ajabu kwa asiyejua ni kwamba kasoro hii haionekani sana unaposaga laini, kwa sababu meno yakikaribiana hukaribia kugusana na kulazimishana kukaa katikati. Hujidhihirisha pale unapotaka chembe kubwa. Nami hupenda kahawa ya birika la kioo lenye kichujio cha kusukumwa chini, ambalo wengi huliita plunja, na plunja huhitaji chembe kubwa. Matokeo yake yalikuwa tope zito kwenye kitako cha kikombe na ladha ya uchungu uliokauka, hata nilipotumia kahawa bora.

Mashine ya sasa ina mwili wa chuma, na mhimili wake umeshikwa na beringi mbili, moja juu na nyingine karibu na meno. Nilipoitumia kwa kahawa ileile, birika lilelile na kipimo kilekile, tope lilipungua mno na nikaanza kutambua ile ladha ya matunda yenye uchachu mtamu ambayo watu husifia katika SL28, aina moja ya mkahawa wa Kenya. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza. Hata hivyo, nimeona dukani mashine ya bei ya kati yenye beringi mbili, na nyingine ya bei ya juu, yenye mbao nzuri na kisanduku cha zawadi, ambayo mhimili wake unacheza.

Kwa sababu hiyo ninashauri ufanye ukaguzi kabla ya kutoa pesa. Fungua kikombe cha chini, shika jino la ndani kwa vidole viwili, kisha ulisukume kushoto na kulia. Kusogea kidogo kwenda juu na chini ni kawaida, kwa kuwa mashine nyingi zina springi ndani, lakini jino likiyumba kando kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, irudishe kwenye rafu. Nilipofanya hivyo katika duka moja hapa mjini, muuzaji alinitazama kwa mshangao akaniambia, “Mama, hiyo ni mpya kabisa, haijaharibika.” Nilimjibu kwamba ninajua ni mpya, na kwamba itakuwa hivyohivyo hata ikizeeka. Ukiweza, nenda na punje chache mfukoni, uombe ruhusa ya kuzisaga kwa chembe kubwa na kuzitandaza kwenye karatasi nyeupe. Vumbi likiwa jingi kati ya vipande, utaliona papo hapo. Anayenunua mtandaoni hawezi kushika, basi na aombe picha ya upande wa chini na aulize mhimili unashikwa na beringi ngapi. Muuzaji asiyejua swali hilo linahusu nini, mimi huachana naye.

Kuhusu meno ya kauri na ya chuma, ninaona watu hubishana kuliko inavyostahili. Kauri ndiyo iliyozipa sifa mashine ndogo za Hario na Porlex za Japani. Haipati kutu na hudumu na makali yake kwa muda mrefu. Chuma ndicho kinachotumiwa na Comandante ya Ujerumani, Timemore ya China na 1Zpresso ya Taiwan. Meno yake hukata zaidi kuliko kuponda, hivyo kazi huisha mapema. Mimi nimechagua chuma kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni vijiwe.

Kahawa ya shemeji si ile iliyopitia kiwandani na kupangwa kwa madaraja. Sehemu yake ni mbuni, yaani matunda yaliyokaushwa pamoja na ganda lake lote, na ikianikwa karibu na udongo huwezi kukosa kijiwe. Mimi huipepeta kwenye uteo na kuichagua kwa mkono kabla ya kuikaanga na tena baada ya kuikaanga, kwa kuwa kijiwe chenye rangi ya kahawia hujificha vizuri sana kati ya punje zilizokolea. Hata kwa uangalifu huo kimoja kinaweza kupita. Uzuri wa mashine ya mkono ni kwamba unakihisi: mkono hukwama ghafla, ukiwa mgumu kwa namna ambayo punje haiwezi kuwa. Hapo usilazimishe. Zungusha kinyume, mimina kila kitu kwenye sahani, ukitafute. Jino la kauri likigongwa hivyo linaweza kumeguka, na kipande chake kikaishia kwenye kahawa. La chuma huenda likapata pengo dogo tu. Anayenunua AA au AB iliyochaguliwa na kukaangwa na wataalamu hana sababu ya kuhofia jambo hili.

Uzito wa kuzungusha nao hutofautiana kulingana na ukaangaji. Punje iliyokaangwa sana huwa na mwili mwepesi unaovunjika kwa urahisi, na gramu 20 zake husagika kwa muda usiozidi dakika moja. Iliyokaangwa kidogo ni ngumu zaidi, na mkono huchoka kweli. Mama yangu mzazi, ambaye viungo vya vidole vyake vina yabisi, huweza kusaga ile ya kwanza bila shida lakini ya pili huniachia mimi. Ikiwa anayesaga nyumbani kwako ni mtu mzima wa aina hiyo, tafuta mashine yenye mkono mrefu wa kuzungushia na mwili mwembamba unaoshikika vizuri, kwa sababu mkono mfupi huongeza kazi mara dufu.

Namna ya kurekebisha chembe ni rahisi ukishaizoea. Kaza gurudumu hadi meno yagusane, usikaze zaidi, kisha legeza ukihesabu mlio wa kila hatua. Kwa birika la moka la kuweka jikoni, lile lililobuniwa Italia mwaka 1933, mimi huhitaji chembe ndogo zinazokaribia chumvi ya mezani. Kwa kichujio cha karatasi huongeza nafasi hadi chembe ziwe za wastani, na kwa plunja huongeza zaidi. Sikupi idadi ya hatua zangu kwa kuwa hazitafaa kwenye mashine yako. Ziandike zako kwenye karatasi ubandike kabatini. Kahawa chungu ya Mombasa na Lamu, ile ya kuchemshwa kwenye dele, hutaka unga laini mno, na mashine yangu huutoa, ila kwa jasho ambalo sitalipendekeza kwa mtu mwenye wageni.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayakulizingatia. Yanasema uchemshe maji kisha usubiri yapoe kidogo, hadi kati ya nyuzijoto 92 na 96 hivi. Nakuru iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, na kwa mwinuko huo maji huchemka karibu na nyuzijoto 94. Kwa hiyo ninamimina maji yakiwa yanatokota, sisubiri, na kahawa iliyokaangwa kidogo huisaga laini zaidi ya wanavyoelekeza ili maji yaweze kuikamua vya kutosha. Kisumu, ambako mwinuko ni wa mita 1,130 hivi, maji huchemka kwenye nyuzijoto 96, na dada yangu naye hamimini yakiwa yamepoa. Kipimo changu ni gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji, na mizani ndogo ya jikoni inatosha.

Miezi ya ukavu, hasa Januari na Februari, unga hushika kwenye kuta za kikombe na kurukia mezani kwa sababu ya umeme tuli. Dawa yake ni tone moja la maji: lowesha ncha ya kijiko, koroga punje kwayo, ndipo usage. Nilidhani ni mambo ya kusikia tu, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon huko Marekani walichapisha mwaka 2023 matokeo yanayoonyesha kwamba unyevu kidogo hupunguza chaji hiyo kwa kweli.

Usafi hauna mengi. Meno ya chuma usiyaoshe kwa maji. Yasugue kwa brashi kavu kila juma, maana mafuta yakiganda huvunda na kuitia kahawa mpya harufu ya zamani.

Malalamiko yangu yapo. Mashine hubeba gramu 20 na kidogo tu, kwa hiyo wakija wageni watano ninasaga kwa awamu hadi mazungumzo yanaishia bila mimi. Mwili wake laini huteleza mkono ukiwa na maji. Na nilipouliza vipuri, duka halikuwa na hata kimoja, wala halikujua pa kuvipata. Jambo hilo lilinitia wasiwasi hadi nilipoifungua na kuona kwamba beringi zimechongwa namba ubavuni kama beringi nyingine yoyote. Nimezinakili namba hizo, na fundi mmoja wa jua kali anayeuza beringi za pampu na mota ameniambia kwamba akipewa namba na kipimo cha tundu anaweza kutafuta inayolingana.