bind_result au get_result kwenye mysqli, utumie ipi?

Kwa wanaoandika PHP, hizi njia mbili za kusoma matokeo ya kwiri iliyoandaliwa (prepared statement) kwenye mysqli, yaani kiunganishi cha PHP na hifadhidata ya MySQL, zinachanganya watu sana. bind_result unaipa vigeu vyako kabisa, mfano $jina na $umri, halafu kila ukiita fetch, mysqli inavijaza vigeu vilevile na data za mstari unaofuata. Yaani fetch yenyewe haikurudishii data, inakwambia tu true, au null mistari ikiisha, au false kukiwa na kosa, ndo maana mtu anaandika $row = fetch afu anashangaa mbona anapata true tu. Pia idadi ya vigeu lazima ilingane na kolamu, na mpangilio uwe uleule, so ukiandika SELECT * (yaani kolamu zote) halafu kesho mtu akaongeza kolamu kwenye jedwali, imekula kwako.

get_result yenyewe inakupa matokeo yote mkononi, unaita fetch_assoc unapata arei mpya kila mstari, kolamu unaziita kwa majina. Hii inataka mysqlnd (draiva ya MySQL ya PHP yenyewe), hosting za zamani zilikuwa zinasumbua hapo, ila kuanzia PHP 8.2 hilo halipo tena.

Mimi natumia get_result karibu kila siku. bind_result naikumbuka data ikiwa kubwa mno, maana usipoita store_result (inayovuta matokeo yote kwenye memori kwa mara moja) inavuta mstari mmojammoja bila kujaza memori, ila usijaribu kurusha kwiri nyingine kwenye koneksheni hiyohiyo kabla hujamaliza, utakutana na kosa la "Commands out of sync".