In Cold Blood: kitabu nilichokikwepa miaka sita

Nilikinunua Posta, Dar, kwa muuza vitabu vya mitumba wa pembeni mwa barabara. Shilingi elfu tano, jalada limechanika kona, kurasa zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikakiweka kabatini, kikalala huko miaka sita. Kila nikikishika najiambia, si nishajua familia ile inauawa, nisome nini tena? Aliyenichokoza ni shemeji yangu, mtu wa kusikiliza podikasti za mauaji kutwa kucha. Alinicheka, eti nina babu wa visa hivyo vyote kabatini na sijawahi kumsalimia. Basi nikakifuta vumbi.

Kwa asiyekijua: mwandishi ni Truman Capote, kilitoka 1966, na kisa chenyewe kilitokea kweli. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 15 Novemba 1959, kijijini Holcomb, kwenye mashamba ya ngano magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, mkulima Herbert Clutter, mkewe Bonnie na watoto wao wawili, Nancy wa miaka 16 na Kenyon wa miaka 15, waliuawa nyumbani kwao. Wauaji, Dick Hickock na Perry Smith, walikuwa wafungwa wa zamani. Dick aliwahi kuambiwa gerezani na mfungwa mwenzake kwamba mzee Clutter ana sefu ya hela. Wakaendesha gari zaidi ya maili 400 kuifuata. Sefu haikuwepo. Waliondoka na dola zisizofika 50, redio ndogo na darubini.

Nimekuhadithia karibu yote na sijakuharibia kitu. Capote mwenyewe anakutajia mapema kabisa kwamba milio minne ya bunduki ilimaliza roho sita, ukihesabu na za waliokuja kunyongwa. Halafu anakukalisha na familia ile siku yao ya mwisho, taratibu, kana kwamba hana haraka. Nancy anamfundisha binti wa jirani kuoka pai ya cheri. Mzee Clutter, asiyegusa pombe, sigara, chai wala kahawa, anasaini bima ya maisha ya dola 40,000. Na huku gari la wauaji, Chevrolet jeusi, linakuja, ukurasa kwa ukurasa. Unatamani kuwapigia kelele wafunge mlango. Mimi ninayelala ndani ya geti na nondo za dirisha niliinuka saa tano usiku kwenda kukagua komeo. Mke wangu akauliza nimesikia nini. Nikamjibu, kitabu.

Lakini usiku wenyewe anauruka. Asubuhi maiti zinakutwa, mpelelezi Alvin Dewey anahangaika na alama za soli za buti, nawe hujui nini hasa kilitokea mle ndani mpaka sehemu ya tatu, Perry anapofunguka ndani ya gari la polisi wakirudishwa Kansas kutoka Las Vegas. Anasema alimwona mzee Clutter muungwana, mpole wa maneno, na akaendelea kumwona hivyo mpaka dakika anamkata koo. Hapo nilikiweka chini nikaenda kunywa maji. Na zile buti? Perry alikuwa amejitumia mwenyewe kwa posta kutoka Meksiko, na walikuwa wametoka tu kuchukua boksi lake posta ya Las Vegas walipokamatwa. Wangekamatwa dakika chache kabla, ushahidi ungebaki posta.

Kipande nilichokipenda kuliko vyote hakina hata damu. Wakiwa mbioni, wauaji wanampa lifti mtoto na babu yake mgonjwa. Mtoto anawaonyesha jinsi ya kuokota chupa tupu za soda kando ya barabara na kuzirudisha dukani kwa senti tatu kila moja. Wanne hao wanaokota chupa siku hiyo kama watoto likizo, wanacheka. Nilijikuta nacheka nao, kisha nikaona aibu.

Sehemu ya nne inachosha, nisiwafiche. Rufaa, ripoti za madaktari wa akili, wafungwa wengine waliohukumiwa kifo. Niliruka kurasa kadhaa na sikujuta.

Kinachonikera ni kiapo cha mwandishi. Capote alijigamba kwamba kila neno ni kweli, na kwamba alihoji watu bila kinasa sauti wala daftari, kwa kumbukumbu tu. Mabinti wa Clutter waliobaki hawakupenda alivyomchora mama yao. Harper Lee, rafiki yake wa utotoni, alikwenda naye Kansas akafanya kazi kubwa ya kuzungumza na watu, na aliloambulia ni jina lake kwenye tabaruku, pamoja na la mwenza wa Capote. Isitoshe, kitabu kilikuwa kinasubiri mwisho, na mwisho ni kitanzi. Dick na Perry walinyongwa tarehe 14 Aprili 1965. Septemba ya mwaka uleule, kisa kilianza kuchapishwa kwenye jarida la The New Yorker. Nikikumbuka kwamba wale wawili walimwona Capote rafiki, natetemeka kidogo.

Sasa, nakala yangu ilikuwa imedondosha karatasi zake za mwisho, gundi imekauka. Mimi nikajua kitabu kinaishia gerezani Lansing: Dewey anafumbua macho, anaona miguu ya Perry, midogo kama ya mtoto, ikining'inia. Nikasema hapa mtu kaandika.

Nilipomweleza shemeji, akauliza, "Na pale makaburini je?"

"Makaburi gani?"

Akanipigia picha kurasa zake, akanirushia WhatsApp. Kumbe baada ya kitanzi Dewey anakutana makaburini na rafiki wa Nancy, sasa ni msichana mkubwa wa chuo, wanazungumza kidogo, kisha upepo unavuma kwenye ngano. Pazuri mno. Na ndipo penyewe panapojulikana siku hizi kwamba Capote alipatunga. Mkutano ule haukuwahi kuwepo.

Shemeji anasema niende stationery nizichapishe zile picha nizibandike mwishoni. Nimezifuta. Nakala yangu imerudi kabatini kama ilivyo, inaishia kwenye ile miguu.